Mgomo wa marubani wa Kenya Airways (2022)

Mgomo wa marubani wa Kenya Airways ulianza tarehe 5 Novemba 2022, ukiongozwa na chama chao, KALPA, licha ya amri ya mahakama kuusimamisha. Madai makuu yalikuwa kurejeshwa kwa michango ya mwajiri kwenye mfuko wa akiba ya uzeeni, na kulipwa mishahara iliyocheleweshwa tangu janga la korona. Safari nyingi zilifutwa na maelfu ya abiria wakakwama, wengi wao katika uwanja wa Jomo Kenyatta.

Marubani wapatao 400 tu waliweza kuikwamisha kampuni nzima kwa sababu hawana mbadala wa haraka. Leseni ya kurusha ndege huambatana na idhini ya aina mahususi ya ndege: rubani wa Embraer 190 hawezi kukabidhiwa Boeing 787 bila mafunzo mapya. Zaidi ya hapo, kiti kisichouzwa leo hakiwekwi ghalani. Na mashirika ya Ghuba, yanayoajiri marubani wa kigeni, huwapa wenye uzoefu pa kukimbilia.

Hata hivyo nguvu hiyo ilikuwa na kikomo. Kenya Airways ilikuwa ikielemewa na hasara na kutegemea fedha za serikali, mwanahisa wake mkuu. Kumkamua ng'ombe aliyekonda hakuleti maziwa mengi. Mahakama ya ajira iliwaamuru marubani kurudi kazini ifikapo saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 9 Novemba, nao wakatii. Mzozo wenyewe ukabaki mahakamani.