Kutoka Chumba cha Habari hadi ModelAdmin: Historia Fupi ya Kiolesura cha Usimamizi cha Django, 2003–2018

Insha hii inachunguza jinsi kiolesura cha usimamizi cha Django, kiunzi cha kuundia tovuti kwa lugha ya Python, kilivyogeuka kutoka zana iliyotolewa ikiwa tayari hadi zana inayoweza kurekebishwa. Hoja inayotetewa ni kwamba mageuzi hayo hayakuhusu sura pekee. Yalihusu pia mamlaka juu ya data: nani aione, nani aibadilishe, na uamuzi huo uandikwe wapi.

Django ilianza mwaka 2003 katika mji wa Lawrence, Kansas, nchini Marekani, pale Adrian Holovaty na Simon Willison walipokuwa wakitengeneza tovuti za gazeti la Lawrence Journal-World. Wanahabari walihitaji kuingiza habari kwa haraka bila kujua msimbo. Kwa hiyo, fomu za kuingizia data zilizalishwa moja kwa moja kutokana na maelezo ya modeli, na Wilson Miner akazisanifia mwonekano. Kiunzi hicho kilitolewa kwa umma Julai 2005 kikiwa programu huria.

Hata hivyo, mpango wa awali ulikuwa na kasoro. Mipangilio ya usimamizi iliandikwa ndani ya modeli yenyewe, katika klasi ya ndani iliyoitwa Admin. Modeli ikabeba mizigo miwili: muundo wa data na namna ya kuionyesha. Aliyetumia programu iliyoandikwa na mwingine, akitaka kubadili safu moja tu ya orodha, alilazimika kugusa msimbo usio wake.

Suluhisho lilikuja Julai 2008, wakati tawi la msimbo lililojulikana kama newforms-admin lilipounganishwa na shina kuu, kisha likatoka rasmi katika toleo la 1.0 mwezi Septemba. Mipangilio ikahamia katika klasi ya ModelAdmin, nje ya modeli. Kwa kuirithi klasi hiyo, mtengenezaji aliweza kuchagua safu na vichujio vya orodha, na kuwekea mipaka rekodi ambazo kila mtumiaji angeziona. Aidha, modeli moja iliweza kusajiliwa katika tovuti mbili za usimamizi zenye taratibu tofauti. Gharama yake ni kwamba miradi ya zamani ilibidi iandike upya mipangilio yake.

Matoleo yaliyofuata yalijenga juu ya msingi huo. Toleo la 1.1 la mwaka 2009 lilileta vitendo vya kutekelezwa kwa rekodi nyingi kwa pamoja, na la 1.2 la mwaka 2010 likaleta sehemu za kusomwa tu. Lakini ruhusa ya kutazama bila kubadilisha ilingoja hadi toleo la 2.1, mwaka 2018. Kabla ya hapo, ruhusa za kawaida zilikuwa tatu: kuongeza, kubadilisha na kufuta. Mkaguzi aliyetakiwa kusoma tu alipewa uwezo wa kuhariri, au mtengenezaji alijitungia njia yake.

Historia hii ina funzo kwa watumiaji wa Kiswahili pia. Django ina tafsiri ya Kiswahili ya kiolesura chake, ilhali majina ya modeli na sehemu zake hubaki jukumu la mtengenezaji. Kutenganisha data na usimamizi wake, basi, kulifungua mlango. Kuuingia kunategemea uamuzi wa anayeandika msimbo.