Likasi: kodi iliyoleta watu mgodini, bei inayowafuata sokoni

Asubuhi, katika masoko ya Likasi, mama muuza unga mara nyingi hulipa kabla hajauza. Mtoza kodi hupita kati ya meza, anachana tikiti kwenye kitabu chake, anapokea falanga na kwenda kwa meza inayofuata. Ndipo meka ya kwanza ya unga inapimwa, na mnunuzi anauliza lile swali la kila siku: mbona imepanda tena?

Malalamiko ya wakaaji ni yale yale kutoka Kikula hadi Panda. Kuna kodi ya meza sokoni, kuna patenti ya duka dogo, kuna pesa ya barabara inayolipwa na kila gari linaloshuka Lubumbashi, safari ya kilometa kama 120, na pesa hiyo hatimaye inaingia katika bei ya nyanya na ya mafuta. Kuna TVA ya asilimia 16, iliyoanza nchini tarehe 1 Januari 2012 na ambayo watu wengi waliijua kwanza kama siku ambayo bei zilipanda. Watu hawasemi kwamba kodi ni kitu kibaya. Wanachouliza ni kwa nini mji uliokaa juu ya shaba na kobalti unatafuta pesa yake kwenye meza ya muuza sombe.

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko mji wenyewe.

Kabla ya reli na kabla ya wazungu, nchi hii ya Wasanga ilikuwa chini ya Msiri, mfalme wa Wayeke aliyekaa Bunkeya. Vijiji vilimpelekea pembe za ndovu, chumvi na shaba, ile iliyoyeyushwa kwa umbo la msalaba. Mzigo wa ushuru huo ulikuwa moja ya sababu zilizowafanya Wasanga waasi mwaka 1891. Mwisho wa mwaka huo huo, tarehe 20 Desemba, Msiri aliuawa na watu wa msafara wa Stairs waliotumwa kwa niaba ya mfalme Léopold II. Walioasi ushuru wa Bunkeya wakajikuta mikononi mwa mtoza mwingine.

Kwa miaka ya mwanzo serikali ya Léopold ilidai kazi na mali: mpira, mizigo, chakula cha askari. Kodi ya pesa kwa kila mwanamume mzima ilikuja na sheria ya Mei 1910, miaka miwili baada ya Ubelgiji kuichukua Congo. Mwenye wake wengi aliongezewa kodi juu ya wale wa ziada. Tuangalie mwaka huo, kwa sababu mambo matatu yalikutana hapo. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906 na ilikuwa inatafuta mikono ya kuchimba. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka huo wa 1910. Na mwaka huo huo ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuandika watu kazi na kuwapeleka migodini.

Mtu wa kijijini alikuwa na mihogo, kuku na samaki wa Lufira, lakini hakuwa na falanga. Kodi ilidai falanga. Falanga zilikuwa mgodini. Hesabu hiyo haikuhitaji shule. Ndiyo maana si sawa kusema tu kwamba kodi ya kwanza ilikuwa njia ya serikali kupata pesa. Ilikuwa pia njia ya kompanyi kupata watu, na kwa upande wa Katanga kazi hiyo ya pili ilikuwa kubwa pengine kuliko ya kwanza. Wazee wengi wa Likasi wakifuata ukoo wao nyuma watamfikia babu mmoja aliyetoka Kasai, Lomami, Rwanda au Rhodesia ya Kaskazini, akiwa na karatasi ya kazi mkononi na kodi nyuma yake.

Mji ukakua kwa haraka. Panda ikawa na viwanda vyake, Shituru ikaanza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929, na mwaka uliofuata umeme wa Mwadingusha kwenye mto Lufira ukaingia kazini. Mji ukapewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot wa Ubelgiji. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kompanyi iliamua kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao kambini, maana mtu mwenye familia harudi upesi kijijini. Pamoja na mshahara mdogo ikatoa posho: unga, samaki, nyama, chumvi, mafuta. Nyumba ilikuwa ya kompanyi, na hospitali na shule vilevile.

Posho ndiyo inayoeleza kwa nini hadi leo wazee wa kambi wanaikumbuka enzi hiyo kwa huruma ambayo wajukuu wao hawaielewi. Bei ya unga ilikuwa shida ya kompanyi, si ya mama wa nyumba. Lakini unga huo haukutoka mbinguni. Wakulima wa vijiji walilazimishwa kulima mahindi na mazao mengine kwa siku 60 kwa mwaka, na kuyauza kwa bei waliyopangiwa. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, siku hizo zikaongezwa hadi 120, mwaka 1942. Chakula rahisi cha kambi kililipwa na jembe la kijijini, na mwenye jembe hilo alidaiwa kodi juu yake.

Mfumo huo ulipasuka mwaka 1941. Ubelgiji ilikuwa imetekwa na Wajerumani tangu Mei 1940, na Congo ikawekwa upande wa Waingereza kwa shaba yake, bati yake, na uranium ya Shinkolobwe, mgodi ulio jirani kabisa na Likasi. Kazi ikaongezwa. Lakini vitu kutoka ng'ambo vikawa haba na ghali. Posho ilijaza sufuria, haikumvalisha mtu. Kitambaa, blanketi, baiskeli, sabuni, vyote vilinunuliwa kwa falanga za mshahara, na falanga hizo zilikuwa zinayeyuka. Wafanyakazi wazungu walijipanga katika chama chao na kudai nyongeza. Weusi hawakuruhusiwa kuwa na chama chochote.

Mwanzoni mwa Desemba 1941 waliacha kazi hata hivyo. Mgomo ulishika Panda na Shituru, hapa hapa Likasi, ukashika Lubumbashi na Kipushi. Walichodai hakikuwa uhuru wala bendera. Walidai mshahara unaolingana na bei. Tarehe 9 Desemba, kwenye uwanja wa mpira wa Lubumbashi, umati ulikuwa umekusanyika kusubiri jibu. Karani Léonard Mpoyi alikuwa msemaji wao. Aliuawa pale pale, na askari wakafyatua risasi juu ya watu waliokuwa wamesimama bila silaha. Katika masimulizi ya Katanga anayetajwa kumpiga Mpoyi ni gavana Maron mwenyewe. Hesabu ya maiti iliyotolewa na wakubwa ilikuwa ya makumi, ile iliyosimuliwa kambini ilikuwa kubwa zaidi.

Zaidi ya miaka 30 baadaye mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyekuwa akiuza picha zake katika miji hii ya shaba, aliweka mauaji hayo katika historia ya nchi aliyoichora picha baada ya picha. Wakati picha hiyo inatundikwa ukutani, watoto wa waliogoma walikuwa wakifanya kazi katika viwanda vile vile.

Baada ya vita mishahara na kambi vilitengenezwa, na mwaka 1946 vyama vya wafanyakazi weusi vikaruhusiwa, chini ya jicho kali la serikali. Ndipo malalamiko ya kodi yakapanda ngazi. Hayakuwa tena ya mtu na kodi yake ya kichwa, yakawa ya mkoa mzima na mji mkuu. Chama cha Conakat kilirudia kila mahali kwamba Katanga inaijaza kasha ya Léopoldville na kurudishiwa makombo. Moïse Tshombe alipotangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, nguvu yake ya kwanza ilikuwa kwamba Union Minière ililipa kodi zake Elisabethville badala ya Léopoldville. Katanga ikatengeneza hata sarafu zake, zenye picha ya ule msalaba wa shaba wa zamani. Jadotville ilionja vita Septemba 1961, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walipozingirwa hapa kwa siku tano, na kujitenga kukaisha Januari 1963. Hoja ya kasha haikuisha. Iko ndani ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 175, kinachosema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya mikoa na inabaki huko huko yanapokusanywa. Kifungu hicho hakijawahi kutekelezwa kama kilivyoandikwa.

Mobutu alitaifisha Union Minière tangu Januari 1967, na Gécamines ikazaliwa. Kwa mtu wa Likasi jina lilibadilika, gunia la unga halikubadilika. Liliendelea kufika mwisho wa mwezi. Katikati ya miaka ya 1980 kompanyi ilikuwa inatoa shaba karibu tani 470,000 kwa mwaka. Mwaka 1994 zilikuwa kama 30,000.

Mtu hawezi kueleza hasira ya leo bila kupita katika miaka hiyo. Mgodi wa Kamoto ulibomoka Septemba 1990. Mwaka 1991 askari wasiolipwa walipora miji, Likasi ikiwemo. Kisha, kati ya 1992 na 1993, wanasiasa wa mkoa waliwaonyesha watu wenye njaa adui wa karibu: jirani mwenye asili ya Kasai. Maelfu kwa maelfu walifukuzwa majumbani mwao na kulala kwenye stesheni ya Likasi, wakisubiri treni kwa majuma na miezi, na wengi wao, watoto hasa, walifia hapo. Walikuwa wajukuu wa watu walioletwa na kompanyi. Kuwafukuza hakukushusha bei ya kitu chochote. Oktoba 1993 serikali ilitoa zaire mpya iliyokuwa sawa na zaire za zamani milioni 3, na hiyo nayo ikaanza kuoza mikononi mwa watu mwaka uleule.

Gécamines ilikaa miezi mingi bila kulipa. Gunia likakoma. Mwaka 2003 na 2004, kwa pesa za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa kompanyi hiyo katika miji yote ya shaba waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Neno hiari linazua kicheko cha uchungu hadi leo. Baba alirudi nyumbani na bahasha, mama akaenda sokoni na meza. Vijana wakashuka mashimoni kuchimba kwa mikono.

Hapo ndipo meza ya soko ilipokuwa mlipa kodi mkubwa, au tuseme mlipa kodi aliye karibu. Serikali ilizoea kodi zake zilipwe na kompanyi moja yenye ofisi na hesabu. Kompanyi ilipoanguka, ofisi za kukusanya hazikuanguka, ziliongezeka. Kuna za taifa, kuna za mkoa, kuna za mji na za komini. Septemba 2020 hata simu ikadaiwa: kodi ya RAM ilikatwa moja kwa moja kwenye kredi, hadi dolari 7 kwa mwaka kwa simu ya intaneti. Makelele yalikuwa makubwa nchi nzima, na mwanzoni mwa 2022 ikafutwa. Ni mojawapo ya mara chache ambapo malalamiko ya watu wa kawaida yameifuta kodi bila risasi kulia.

Kompanyi za madini zimerudi, nyingi na zenye pesa. Sheria ya madini ya Machi 2018 ilipandisha ushuru wa shaba kutoka asilimia 2 hadi 3.5, na ule wa kobalti ukafikishwa asilimia 10. Katika ushuru huo asilimia 50 ni ya serikali kuu, 25 ya mkoa, 10 ya mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 ni ya mji, komini au sheferi ambako madini yanachimbwa. Asilimia hizo 15 ndizo zinazotajwa sana Likasi siku hizi. Mtu akipita kwenye barabara yenye mashimo ya mtaa wake, huuliza ni kiasi gani kimeingia na kimetengeneza nini. Ni swali la haki, na jibu lake ni hesabu iliyobandikwa ukutani mwa ofisi.

Unga wenyewe bado unategemea mahindi ya Zambia. Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia hadi ikatangaza janga la taifa tarehe 29 Februari, na sufuria za Haut-Katanga zikasikia. Moïse Katumbi, alipokuwa gavana wa Katanga, aliwahi kuzitaka kompanyi za madini zilime mahindi. Wengine waliona ajabu. Wazee wa kambi hawakuona ajabu hata kidogo.

Mwishoni mwa 2025 falanga ilipata nguvu ghafla mbele ya dolari. Kwa miaka mingi wauzaji walikuwa wamesema bei inapanda kwa sababu dolari imepanda. Safari hii dolari ilishuka, na wanunuzi wakaenda sokoni na hesabu tayari kichwani. Vitu vingi walivikuta kwa bei ya zamani. Tikiti ya asubuhi ilikuwa imekwisha chanwa.