Atachimenti ya mitandao dukani: mambo ya kukubaliana kabla ya kuanza

Kila ifikapo mwezi wa tano, vijana wetu wa vyuo huanza kuzunguka mjini na bahasha za kaki mikononi. Ndani mna barua ya chuo, karatasi ya bima na ombi la nafasi ya atachimenti. Zamani wengi wao walikuwa wakielekea bandarini, mahotelini na kwenye maofisi ya serikali. Huko sasa waombaji wamekuwa wengi kuliko viti, na baadhi yao huishia madukani: kwa muuza leso, kwa muuza mabuibui, kwa mpika halua, kwa fundi wa fanicha. Tajiri wa duka akishasikia kwamba kijana anasomea biashara au mawasiliano, neno lake huwa moja: "Basi nishikie hiyo Facebook na TikTok."

Hapo ndipo mambo huanza kwenda kombo, kwa sababu hakuna aliyeuliza kushika ni kushika vipi.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Atachimenti si ajira, wala si ile intanshipu anayofanya mtu aliyekwisha kuhitimu. Ni sehemu ya masomo, aghalabu muda wa miezi mitatu hivi, na mwanafunzi asipoikamilisha masomo yake hayajakamilika. Mafunzo ya kazini kwa jumla yanasimamiwa na NITA, mamlaka ya serikali iliyo chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura 237. Mwanafunzi hupewa daftari la kuandika kazi ya kila siku, msimamizi wake hutia sahihi, na mwalimu wa chuo huja kumkagua. Kwa hivyo tajiri anayempokea mwanafunzi amekubali kuwa mwalimu kwa muda huo, hata kama yeye mwenyewe hajui kuposti picha. Anachokijua yeye ni biashara, na hicho ndicho mwanafunzi amekuja kukitafuta.

Chukua duka la leso pale Biashara Street, Mombasa. Kijana aliyetoka chuoni na nadharia zake atapiga picha ya leso iliyokunjwa vizuri, aitie mwangaza, aandike "mali mpya imeingia", kisha ashangae hakuna aliyeuliza. Mama zetu hawanunui leso kwa rangi peke yake. Wanasoma jina. Leso ina pindo, ina mji, na chini ya mji pana jina, yaani yale maneno, na ni hayo yanayomfanya mtu amnunulie mkwewe, shoga yake, au jirani aliyemchokoza. Picha isiyoonyesha jina haijauza chochote. Muuzaji mkongwe anayajua haya bila kufikiri, tena anajua jina gani linatafutwa wakati wa harusi na lipi halifai kupelekwa ukweni. Mwanafunzi akae naye siku mbili tatu za mwanzo bila kugusa simu, asikilize wateja wanauliza nini. Maswali hayo ndiyo matangazo yake ya mwezi mzima: "Hii yatoa rangi?" "Mna ile ya pindo jekundu?" "Mwapeleka Lamu?"

Na bei iandikwe. Hii tabia ya kumwambia mteja "njoo inbox" ili aambiwe bei mimi huiona ni kufukuza watu. Mwenye haraka hupita akaenda duka la pili.

Kwa duka dogo, kazi kubwa haiko TikTok, iko WhatsApp. Ile programu ya WhatsApp Business haina malipo, na ina katalogi ya kuweka bidhaa na bei zake, majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia, na lebo za kutenganisha mteja mpya, aliyeagiza na aliyekwisha kulipa. Mwanafunzi akiipanga katalogi hiyo sawasawa, ameliachia duka kitu kitakachobaki. Ajue pia kwamba ujumbe wa brodikasti huenda kwa watu wasiozidi 256 kwa orodha moja, na humfikia tu yule aliyehifadhi namba ya duka kwenye simu yake. Basi kila mteja anayelipa aombwe aihifadhi namba. Ni jambo dogo, lakini nimeona maduka yakituma matangazo kwa mwezi mzima kwa watu ambao hawakupata hata moja.

Sasa nije kwenye lile linaloleta ugomvi kuliko yote: ukurasa ni wa nani?

Kuna duka moja hapa mjini, jina nalihifadhi, ambalo ukurasa wake ulifunguliwa na mwanafunzi kwa barua pepe yake na laini yake mwenyewe, maana tajiri alisema "fanya tu". Wateja wakazoea. Miezi mitatu ikaisha, kijana akarudi chuoni, akabadilisha laini. Wateja wakaendelea kuandika kwenye namba isiyojibiwa, na duka likaonekana la matapeli. Kijana hakuiba kitu, na tajiri hakudhulumu mtu. Hawakuliongea tu mapema.

Kwa hivyo siku ya kwanza mwanafunzi aulize kwa adabu: "Ami, hii laini ya duka imeandikishwa kwa jina la nani?" Laini iwe ya mwenye duka, kwa kitambulisho chake. Barua pepe ya kufungulia Instagram na TikTok iwe ya duka. Kwenye Facebook, mwenye duka awe na udhibiti kamili wa ukurasa, na mwanafunzi apewe ruhusa ya kuposti na kujibu tu, ambayo huondolewa siku ya kuagana. WhatsApp nayo hukubali kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, kwa hivyo simu ya duka inakaa dukani na mwanafunzi anajibu kutoka kwenye kompyuta yake. Paswadi na ile PIN ya hatua ya pili ziandikwe, zifungiwe mezani kwa tajiri.

Upande wa pili, tajiri naye asijifanye kipofu. Maduka mengi hayampi mwanafunzi chochote, na bado yanamtaka aposti kwa bando lake, apige picha kwa simu yake, na ajibu wateja saa nne za usiku. Rai yangu ni kwamba nauli, bando na chakula cha mchana ni haki ya kibinadamu hata kama chuo hakikudai. Na saa za kazi ziwe saa za duka.

Jengine ni sura za watu. Wasichana wa atachimenti huambiwa wavae buibui la duka wapigwe picha, na wengine huona haya kukataa kwa kuogopa sahihi ya daftari. Awe huru kukataa, na hilo aambiwe waziwazi. Akikubali, akubali kwa maandishi, na ijulikane picha itaondolewa lini. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini kabla ya kutumia taarifa za mtu kibiashara, na picha ya mtu imo ndani yake. Mtoto hawezi kujitolea idhini, ni mzazi au mlezi wake. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa, na shule moja ikatozwa milioni 4.55 kwa picha za watoto. Duka la leso halina pesa hizo. Mpige picha mteja baada ya kumuuliza, au piga picha ya mikono na kitambaa.

Wala mwanafunzi asikubali kuandika sifa za wateja wasiokuwepo, au "imebaki moja tu" hali kabati limejaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi, na dini ilishakataza kabla yake.

Mwisho wa atachimenti, wengi huandika kwenye ripoti idadi ya wafuasi. Wafuasi hawalipi kodi ya duka. Bora aweke hesabu kwenye daftari: wangapi waliuliza bei, wangapi walilipa kwenye Till, wangapi walikuja dukani wakitaja picha waliyoiona, na leso yenye jina gani ilimalizika kwanza. Karatasi hiyo ya hesabu, pamoja na barua ya tajiri inayotaja kazi zenyewe na si "alikuwa mtiifu" peke yake, ndiyo atakayoingia nayo kwenye usaili wa kazi. Tajiri naye abaki na nakala yake, maana mwezi wa tano ujao atakuja mwanafunzi mwengine na bahasha yake, na ataanzia hapo.