Kizimba cha Grub

Mwaka 1967 Jane Goodall alijifungua mtoto wa kiume. Jina lake la kwenye vyeti ni refu, lakini nyumbani walimwita Grub. Kwa Kiingereza neno hilo maana yake ni buu. Wazungu bwana.

Tunapenda kusimulia habari za Grub kama hadithi ya mtoto wa msituni. Baba yake, Hugo van Lawick, alikuwa mpiga picha wa wanyama, na familia ilihama na mahema kati ya Serengeti, Ngorongoro na Gombe. Wazazi walitoa hadi kitabu cha picha za mtoto wao porini. Kinachosahaulika ni kwamba Gombe, mtoto huyu alijengewa kizimba.

Sababu ni rahisi na inatisha. Sokwe huwinda. Hula nyama ya mbega, na wamewahi kunyakua vichanga vya binadamu. Jane alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyeuonyesha ulimwengu kwamba sokwe ni wawindaji. Basi mtoto akakaa nyuma ya nyavu na sokwe wakatembea huru nje.

Hapo hapo, Jane alisema alijifunza umama kwa sokwe. Mwalimu wake alikuwa Flo, jike mzee mwenye pua kama kitunguu na masikio yaliyochanika, ambaye hakuchoka kucheza na watoto wake, Fifi na Flint. Flo alipokufa mwaka 1972, Flint aligoma kula, akamfuata mama yake baada ya wiki chache tu.

Mimi nadhani mwalimu wa kwanza alikuwa mwingine kabisa: Vanne, mama mzazi wa Jane. Jane akiwa mtoto mdogo alijificha kwenye banda la kuku kwa masaa, anataka kuona yai linatokea wapi. Nyumbani wakamtafuta mpaka polisi wakaitwa. Aliporudi amejaa majani kichwani, mama yake hakushika fimbo. Alikaa chini akasikiliza habari ya yai. Hebu jiulize, mama yako angefanyaje? Wangu namjua.

Na mwaka 1960, wakoloni walipokataa binti akae Gombe peke yake, ni Vanne huyo huyo aliyefunga mizigo akaja naye. Alilala kwenye hema, akaugua malaria, akafungua kijizahanati cha kuwatibu wavuvi wa pale ufukweni.

Wavuvi hao walikuwa na watoto. Hapa ndipo mimi, niliyekulia kwa bibi Kasulu, huwa naanza kuisoma hadithi hii kwa jicho lingine. Sisi tulitumwa kuni, tukateka maji, tukakimbizwa na nyuki, na hakuna aliyetupiga picha akaiita kumbukumbu ya utoto porini. Ilikuwa kazi. Ukichelewa unachapwa. Gombe yenyewe ilishatengwa kuwa pori la akiba tangu 1943, ikawa hifadhi ya taifa 1968, hivyo kwa mtoto wa kijiji cha jirani, kuingia kutafuta kuni kulikuwa kosa. Msitu ule ule, mmoja anaishi humo, mwingine anafukuzwa na askari.

Grub alipokua kidogo alitoka kizimbani, lakini hakuwafuata sokwe. Alilifuata ziwa. Aliogelea, akavua samaki, akaongea Kiswahili. Mama yake mwenyewe amekiri kwamba mwanawe hakuwapenda sokwe hata kidogo. Kisha Mei 1975 waasi kutoka Zaire walivuka Tanganyika usiku wakawateka wanafunzi wanne wa kituo. Waliachiwa baadaye, ila Gombe haikuwa tena mahali pa kulea mtoto. Grub akapelekwa Bournemouth kwa bibi yake Vanne, akasome.

Fifi, yule binti wa Flo, naye akazaa. Mmoja wa wanawe ni Frodo, aliyezaliwa 1976, dume kubwa na mkorofi aliyewahi kumshambulia hata Jane. Mei 2002, ndani ya hifadhi, Frodo alimnyakua mtoto wa Kitanzania wa miezi 14 aliyekuwa amebebwa, akamuua. Mjukuu wa yule Flo aliyemfundisha Jane kulea.

Frodo hakupigwa risasi. Aliishi mpaka 2013. Siandiki haya kudai angeuawa, sokwe ni sokwe. Lakini nimesoma mengi juu ya kizimba cha Grub na juu ya pua ya Flo, wakati mtoto yule mara nyingi namkuta ndani ya aya inayomhusu Frodo.

Binti yangu ana miaka minne, tunaishi ghorofa ya tatu Dar. Juzi kaniuliza kuku anatagia wapi. Mwezi wa sita tunaenda Kasulu.