Serendipity: neno lililozaliwa katika barua ya 1754

Tarehe 28 Januari 1754, mwandishi Mwingereza Horace Walpole alimwandikia barua Horace Mann, mwanadiplomasia wa Uingereza aliyeishi Florence. Mann alikuwa amempelekea picha ya Bianca Cappello, mwanamke mashuhuri wa Italia ya karne ya 16. Walpole, akipekua kitabu cha kale cha nembo za koo za Venice, akakumbana na jambo geni kuhusu nembo ya ukoo wa mwanamke huyo. Ugunduzi wa namna hiyo haukuwa na jina, naye akautungia: "serendipity".

Alilichota neno hilo katika hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, yaani Sri Lanka. Waarabu waliita kisiwa hicho Sarandib, na wapenzi wa Alfu Lela Ulela watakumbuka kuwa Sindbadi Baharia alifika huko katika safari yake ya sita. Hadithi ya wana wa mfalme ina asili ya Uajemi, na ilichapishwa kwa Kiitaliano mjini Venice mwaka 1557.

Humo, vijana hao wanakutana na mtu aliyepotelewa na ngamia. Wanamwambia kwamba ngamia wake ni chongo, ana pengo na anachechemea. Kwa kuwa hawajamwona mnyama mwenyewe, wanashukiwa wizi na kutiwa gerezani. Ngamia anapopatikana, wanaeleza: majani yalikuwa yameliwa upande mmoja tu wa njia, tena ule wenye majani hafifu, matonge yaliyodondoka yalitosha kupita kwenye pengo la jino, na nyayo zilionyesha mguu mmoja uliokuwa ukiburutwa. Walpole alipoisimulia katika barua yake alimgeuza ngamia kuwa nyumbu, lakini kiini alikishika barabara: wana wale waligundua mambo wasiyoyatafuta, kwa sadfa na kwa werevu. Yote mawili.

Kisha neno likalala. Barua za Walpole kwa Mann zilichapishwa mwaka 1833, miaka 79 baadaye, na hata hapo waandishi hawakulichangamkia. Mwaka 1875 Edward Solly, mwanakemia aliyependa mambo ya kale, alilitumia katika jarida la Notes and Queries, nalo likaanza kuzunguka miongoni mwa wakusanyaji wa vitabu adimu. Mwanasosholojia Mmarekani Robert Merton alilikuta miaka ya 1930 akitafuta neno jingine kwenye kamusi. Yeye na Elinor Barber waliliandikia kitabu kizima, wakakimaliza mwaka 1958, lakini toleo lake la Kiingereza halikutoka hadi 2004, wakati Merton alikwisha kufariki.

Leo neno liko kila mahali, hata kwenye jina la filamu ya mapenzi ya mwaka 2001, na hapo ndipo limepunjwa. Waandishi wengi hulitumia kwa maana ya bahati njema tu. Lakini tazama mfano wa mwanasayansi Alexander Fleming: aliporudi kutoka likizo mwaka 1928 akakuta ukungu umeota kwenye sahani ya maabara, ukungu ule ulikuwa sadfa. Kutambua kwamba bakteria waliouzunguka wamekufa ulikuwa werevu, na ndiko kulikotupatia penisilini. Msomaji atakayelikuta neno hili katika riwaya au makala ya sayansi aangalie kama mhusika alitumia akili yake. Kama hakuitumia, neno halikustahili kuwekwa hapo.