Vitambaa vya akina mama wa London

Makumbusho ya Foundling yako namba 40, Brunswick Square, katikati ya London. Yalifunguliwa mwaka 2004 ili kuhifadhi historia ya Foundling Hospital, kituo cha kulea watoto ambao mama zao hawakuweza kukaa nao. Watu wanaosimuliwa humo ni wale ambao vitabu vingi vya karne ya 18 viliwapita bila kuwataja: mwanamke maskini na kichanga chake.

Mwanzilishi wa kituo alikuwa Thomas Coram, baharia na mjenzi wa meli aliyewahi kuishi Massachusetts. Aliporejea London mwanzoni mwa karne hiyo, alikuta vichanga vimetupwa kando ya barabara, vingine vimekufa, vingine vikikata roho. Mtumishi wa ndani aliyepata mimba alipoteza kazi na mahali pa kulala kwa pamoja, na mara nyingi mwanamume mhusika alikuwa ameshatoweka. Coram alihangaika miaka 17 akiomba msaada. Wakubwa wengi walikataa wakidai kwamba kuwalea watoto wa nje ya ndoa ni kubariki uzinzi. Mambo yalianza kusogea alipowageukia wanawake. Mwaka 1729 mke wa Duke wa Somerset alitia saini ombi lake, wakafuata mabibi wengine wa koo kubwa hadi wakafika 21. Majina hayo yaliwalainisha waume na kaka zao, na tarehe 17 Oktoba 1739 Mfalme George II akatoa hati ya kuanzisha kituo.

Watoto wa kwanza walipokewa usiku wa tarehe 25 Machi 1741 katika nyumba ya muda mtaa wa Hatton Garden. Nafasi 30 zilijaa usiku huohuo na wanawake waliobaki wakarudishwa na watoto wao. Mwaka uliofuata ikaanzishwa kura. Mama aliingiza mkono ndani ya mfuko na kutoa gololi. Nyeupe ilimaanisha mtoto atapokewa akionekana hana maradhi. Nyekundu, asubiri nafasi ipatikane. Nyeusi, aondoke na mwanawe. Utaratibu huo ulizuia upendeleo, lakini ni vigumu kufikiria kitu kizito zaidi ya gololi nyeusi mkononi mwa mzazi.

Aliyepokewa alibatizwa, akapewa namba na jina jipya. Wawili kati ya wale wa mwanzo waliitwa Thomas Coram na Eunice Coram, majina ya mwanzilishi na mkewe. Kisha kila kichanga kilipelekwa mashambani kwa mwanamke aliyelipwa kunyonyesha, kikakaa huko hadi umri wa miaka mitano hivi, ndipo kikarudishwa mjini. Kwa mtoto, huko kulikuwa kutenganishwa na mama mara ya pili. Walipokua, wavulana walipelekwa baharini au kwa mafundi, na wasichana katika utumishi wa majumbani.

Sehemu inayowashika zaidi wageni ni kabati la alama. Mama hakuulizwa jina, hivyo kituo kilihitaji njia ya kumtambua mtoto iwapo siku moja angerudi kumdai. Karani aliandika jinsia ya mtoto na nguo alizovaa, kisha akaambatisha alama: sarafu iliyokwaruzwa herufi, kifungo, utepe, hata ganda la njugu. Waliokuja mikono mitupu walikuwa wengi zaidi. Kwao karani alikata kipande cha nguo ya mtoto na kukibana kwenye karatasi. Vipande zaidi ya 5,000 vimesalia katika nyaraka za kituo. Karani alikuwa anatimiza kazi ya ofisi tu, lakini leo hakuna mahali pengine Uingereza penye mkusanyiko mkubwa kiasi hicho wa vitambaa walivyovaa watu wa kawaida wa karne ile.

Mmoja wa akina mama hao anajulikana kwa jina. Februari 1767 Sarah Bender alimwacha mwanawe Charles pamoja na kitambaa cha viraka kilichotariziwa moyo, kikiwa kimekatwa katikati. Nusu moja ilibaki kituoni, nusu nyingine akaondoka nayo. Mwaka 1775 alirudi nayo na kumchukua mwanawe, ambaye wakati huo aliitwa Benjamin Twirl. Wachache walipata bahati hiyo: kati ya watoto 16,282 waliopokewa kuanzia 1741 hadi 1760, waliorudi kwa wazazi walikuwa 152 pekee.

Miaka ya mwisho ya kipindi hicho ndiyo iliyokuwa ya majonzi makubwa. Kuanzia Juni 1756 Bunge lilitoa fedha kwa sharti kwamba kila mtoto anayeletwa apokewe. Hadi mpango huo uliposimamishwa mwaka 1760, walikuwa wameletwa karibu 15,000, na takriban theluthi mbili yao walikufa.

Wasanii nao walikibeba kituo. William Hogarth alimchora Coram mwaka 1740 na kuwashawishi wachoraji wenzake watoe kazi zao. Watu wenye uwezo walikuja kutazama picha na wakaacha michango. Mtunzi wa muziki George Frideric Handel alianza kupiga utunzi wake *Messiah* hapo mwaka 1750 kwa ajili ya kukusanya fedha.

Katika karne ya 19 masharti yalibadilika. Mama alipaswa kujieleza mbele ya jopo la wanaume na kuthibitisha kwamba kabla ya kupata mimba hiyo alikuwa na mwenendo mwema. Baba hakuitwa kuthibitisha wake.

Mwaka 1926 kituo kilihama jiji, na majengo yake ya kudumu katika eneo la Bloomsbury yakabomolewa. Sehemu ya kiwanja ikawa Coram's Fields, uwanja wa michezo ambao mtu mzima haingii bila kuongozana na mtoto. Shule yake ya bweni ilifungwa mwaka 1954. Makumbusho yamerekodi sauti za baadhi ya wanafunzi wake wa mwisho wakisimulia maisha yao, na kazi yenyewe ya kuwahudumia watoto inaendelezwa na shirika la Coram, ambalo miongoni mwa shughuli zake ni kutafutia familia watoto wanaohitaji kuasiliwa.