Sheria ya uvuvi na hatima ya maziwa madogo ya Mbulu na Hanang

WASOMAJI wengi wa mijini wakisikia habari za uvuvi haramu hukumbuka makokoro ya Ziwa Victoria, au baruti inayolipuliwa katika pwani ya Bahari ya Hindi. Ni nadra mtu kuufikiria Mkoa wa Manyara, unaojulikana zaidi kwa ng'ombe, ngano na vitunguu saumu.

Hata hivyo, wilaya za Mbulu na Hanang zina maziwa yenye samaki. Hanang kuna Ziwa Basotu, ziwa la maji baridi lililomo katika shimo la volkano ya kale, magharibi mwa Mlima Hanang. Mbulu kuna Ziwa Tlawi, dogo na lenye kina kifupi, na upande wa bondeni wilaya hiyo inagusa ukingo wa Ziwa Eyasi. Ziwa Balangida lililoko Hanang si la kuhesabiwa hapa, kwa kuwa maji yake ni ya chumvi na mavuno yake makuu ni chumvi hiyo hiyo.

Wairaqw na Wadatoga, ambao ndio wenyeji wengi wa wilaya hizi, kwa asili ni wakulima na wafugaji, si wavuvi. Pengine ndiyo sababu samaki wa huku hawajapata watetezi wengi.

Sheria inayotumika ni ile ile inayotumika Mwanza na Mafia, yaani Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1970, pamoja na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009. Inamtaka kila mvuvi awe na leseni na chombo chake kisajiliwe. Inakataza baruti na sumu. Kanuni zinakataza kokoro na nyavu za uzi mmoja wa plastiki, ambazo wavuvi wa Kanda ya Ziwa huziita timba. Vyandarua vya mbu navyo havimo katika zana halali, ingawa si ajabu kuviona vikiburutwa kandokando ya maziwa madogo nchini.

Adhabu kali kuliko zote imewekwa kwa anayevua kwa baruti, ambaye akitiwa hatiani hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 5. Kwa makosa mengine mahakama inaweza kutoza faini, kufunga, au vyote viwili, na kuamuru chombo, zana na samaki vitaifishwe. Mkosaji anayekiri kosa anaweza pia kutozwa faini bila kufikishwa mahakamani, utaratibu unaorahisisha kazi ya maofisa lakini unaolalamikiwa pale wananchi wasipoelewa kiwango kilipatikanaje. Malalamiko ya namna hiyo yalisikika kwa wingi mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara katika Ziwa Victoria.

Sheria haimwangalii mvuvi peke yake. Mwenye kununua, kusafirisha au kuuza samaki waliovuliwa kinyume cha kanuni naye ana kosa. Juni 2018 maofisa uvuvi waliingia hadi katika mgahawa wa Bunge mjini Dodoma na kuwapima samaki kwa rula, tukio lililowaudhi wabunge wengi. Kwa Ziwa Victoria vipimo vinajulikana: sato asipungue sentimita 25 na sangara asipungue sentimita 50. Mlaji wa Babati au Arusha anayenunua fungu la perege wa ukubwa wa kidole anashiriki katika mnyororo huo huo, ajue asijue.

Ubaya wa kokoro katika ziwa dogo unaeleweka vizuri zaidi ukifahamu namna perege anavyozaliana. Dume huchimba kiota katika mchanga wa maji mafupi, karibu na ufuko. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai mdomoni na kuyatunza hadi yaanguliwe. Hata baada ya hapo vifaranga hurejea mdomoni mwake wakihisi hatari. Perege hatagi maelfu kwa maelfu ya mayai kama sangara; hutegemea malezi. Kokoro likiburutwa ufukoni hufuta viota, humnasa mama na watoto wake kwa pamoja, na mama aliyeshtuka huwatema ovyo. Kambare naye hupanda kwenye vijito na majani yaliyofurika mvua zinapoanza, kwa hiyo anayeziba kijito kwa nyavu wakati huo huvua kizazi cha mwaka mzima.

Ziwa Victoria lina ghuba na visiwa ambamo samaki waliosalia hujificha, na sehemu iliyoharibiwa huweza kujazwa na samaki wa sehemu nyingine. Ziwa Basotu halina jirani wa kulijazia. Mtu aliyefungwa kwa haki kabisa hawezi kurudisha perege aliowamaliza, na hapo ndipo adhabu peke yake inapopungukiwa.

Tena samaki hawauawi na nyavu tu. Kuanzia miaka ya 1970, tambarare za Basotu zililimwa mashamba makubwa ya ngano chini ya shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Ardhi iliyoachwa wazi hutoa tope mvua inaponyesha, na tope hilo huishia bondeni na katika maziwa, likifukia viota na kupunguza kina. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mkulima wa maharage anayelima hadi majini anavunja sheria na anaangamiza samaki, lakini hakuna anayemwita mvuvi haramu.

Njia iliyo karibu zaidi na wananchi ni sheria ndogo. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, Halmashauri ya Kijiji inaweza kuzitunga, zikajadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Kijiji kinaweza kwa njia hiyo kulinda maeneo ya mazalia, huku vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, vikishika doria.

Kwa Tlawi na Basotu, ambayo kila moja limo ndani ya wilaya moja, hilo linawezekana bila kumwomba mtu wa mbali. Eyasi ni habari nyingine. Ziwa hilo hukauka na kufurika kufuatana na mvua, na likifurika samaki huongezeka na wavuvi hupiga kambi. Mwambao wake umegawanywa kati ya Mbulu, Karatu ya Arusha, Mkalama ya Singida na Meatu ya Simiyu. Sheria ndogo ya Mbulu inakomea mpakani mwa Mbulu. Mtumbwi unaokimbia doria huhitaji tu kuvuka upande wa pili.